Mvua Mbili za Aleksandr Gerasimov

Tunapowajadili wasanii na wasomi wanaojikabidhi kwa watawala, hukumu hutolewa upesi: ama mtu alikuwa na kipaji, ama alikuwa kibaraka. Aleksandr Gerasimov, mchoraji wa Kisovieti, alikuwa yote mawili. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hatia yake kubwa haimo katika picha zake.

Alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Kozlov, ambao baadaye uliitwa Michurinsk, akasomea uchoraji Moscow kwa Konstantin Korovin, bingwa wa rangi aliyejifunza mengi kutoka kwa Wafaransa. Mwaka 1930 alimchora Lenin akihutubia umati. Mwaka 1938 akamchora Stalin akitembea na Voroshilov ndani ya Kremlin, njia ikimetameta kwa mvua iliyotoka kukatika. Picha hiyo ilimpatia Tuzo ya Stalin mwaka 1941, ya kwanza kati ya nne. Raia wa Moscow, ambao hawakuwa wajinga, waliipachika jina la utani ambalo kwa Kirusi lina vina: viongozi wawili baada ya mvua.

Mvua ile alikwisha kuichora vizuri zaidi. Mwaka 1935, akiwa kwao Michurinsk, alichora baraza la mbao lililolowa, meza, maua, glasi iliyoanguka ubavu, na nyuma yake bustani ya kijani kibichi. Hamna kiongozi wala bendera. Ni maji na mwanga tu, na mkono wa mtu anayefurahia anachokiona.

Wapo watakaosema tumsamehe, kwani nyakati zilimlazimisha. Sikubaliani nao. Mwaka 1947 alifanywa rais wa kwanza wa Akademia ya Sanaa ya Umoja wa Kisovieti, na akiwa katika kiti hicho aliwaandama wenzake walioshutumiwa kwa kuiga Magharibi, yeye aliyelelewa na rangi za Wafaransa! Mwaka 1948 Jumba la Makumbusho la Sanaa Mpya ya Magharibi, mjini Moscow, lilifungwa kwa amri ya serikali. Kazi za akina Matisse na Picasso ziligawanywa kati ya Moscow na Leningrad, nyingi zikafichwa ghalani, na jengo likakabidhiwa Akademia ya Gerasimov.

Hapo ndipo ninapomshitaki. Picha ya kumsifu mtawala humharibia mchoraji kazi yake mwenyewe. Mlango uliofungwa uliwanyima vijana wa miaka ile kuona. Watumishi wa umma mnaosoma haya mnaijua tofauti kati ya anayetekeleza agizo na anayelikimbilia.

Stalin alikufa mwaka 1953. Mwaka 1956 Khrushchev alimshutumu, na mwaka uliofuata Gerasimov akapoteza urais. Picha zake za Stalin ziliteremshwa kutani naye angali hai. Alifariki mwaka 1963. Baraza lililolowa linatazamwa hadi leo katika Jumba la Tretyakov. Makumbusho yale hayakufunguliwa tena, na jengo lake bado ni la Akademia.