Undani wa Picha Hukusanywa, Haubuniwi

Haya jamani, leo siandiki kuhusu hifadhidata wala seva. Nina hasira kidogo, na aliyeileta ni kiwavi.

Mjomba wangu analima mahindi Trans Nzoia. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, kila akiona jani limetobolewa ananipigia simu, maana katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye kamera na lenzi ya makro. Mdudu huyu anatambulika kwa alama mbili. Kichwani ana herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia, kwenye pingili ya nane ya tumbo, ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Y peke yake haitoshi, kwa sababu wapo ndugu zake wanaofanana naye kichwani. Madoa manne ndiyo kitambulisho.

Akishakomaa, akiwa na milimita 30 na zaidi, hata simu itakuonyesha. Shida ni kwamba wakati huo ameshajichimbia ndani ya moyo wa mhindi na dawa haimfikii vizuri. Unataka kumjua akiwa na milimita 10, wakati kichwa chake kina upana wa milimita 1.3 tu.

Msimu huu nilimpiga picha mmoja wa namna hiyo. Haikutoka vizuri: mgongo uko wazi, mkia ni ukungu. Rafiki yangu mmoja, mpiga picha za harusi, akaichukua "aisaidie" kwa programu ya akili bandia ya kuongeza undani. Ikarudi inang'aa kama kalenda ya benki. Madoa yalikuwa matatu. La nne lilikuwa limegeuzwa unywele, tena unywele mzuri sana, wenye kivuli chake na yote. Mjomba akaitazama kisha akauliza, "Sasa kijana wangu, huyu ni yule au siye?"

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Rafiki yangu na wenzake walinipa majibu matatu, na yote matatu nayapinga.

Jibu la kwanza: "Funga tundu la lenzi hadi f/22, kila kitu kitakuwa wazi." Hii ni hesabu nusu. Unene unaoonekana wazi kwenye makro hupatikana hivi: 2 × N × c × (m+1) ÷ m². N ni namba ya tundu, m ni ukuzaji, c ni ukungu unaokubali kuuvumilia. Kamera yangu ina kihisi cha APS-C, kwa hiyo naweka c kuwa milimita 0.02. Kwa ukuzaji wa 1:1, f/5.6 inakupa unene wa milimita 0.45. Ukienda f/22 unapata milimita 1.76. Inavutia, sivyo?

Sasa nusu ya pili. Ukisogea karibu kiasi hicho, tundu linafanya kazi kama dogo zaidi ya namba iliyoandikwa. Zidisha N kwa (1+m). Kwa 1:1, f/22 yako ni f/44. Na mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, kwa hiyo nukta haibaki nukta, inakuwa kiduara. Upana wa kiduara hicho ni 2.44 × urefu wa wimbi la mwanga × namba halisi ya tundu. Kwa mwanga wa kijani unapata milimita 0.059. Pikseli za kihisi changu cha megapikseli 24 zina upana wa milimita 0.0039. Kiduara kimoja kinafunika pikseli 15 kwa upana! Kichwa kizima cha kiwavi wetu, shavu hadi shavu, kinabaki na viduara 22 tu. Kwa f/5.6 vingekuwa zaidi ya 80.

Kwa hiyo f/22 haijaondoa ukungu. Imeugawa sawasawa ili usiuone.

Jibu la pili: "Siku hizi kuna akili bandia." Mimi ni mtu wa programu, kazi hii ndiyo inayonilisha, na siichukii kompyuta. Lakini elewa inachofanya. Taarifa isiyofika kwenye kihisi haipo ndani ya faili. Programu inayokuongezea undani haijauona mkia wa kiwavi wako. Imeona picha nyingi za wadudu wengine, kisha inakisia mkia unavyofaa kuwa. Kwa bango la harusi, sawa. Kwa mkulima anayetaka kuhesabu madoa, ni sawa na shahidi anayesimulia ajali ambayo hakuwepo.

Jibu la tatu ndilo lililonichoma zaidi. Nilipowaambia nitarundika picha, yaani nimpige mdudu mara nyingi nikisogeza fokasi kidogo kidogo kisha niunganishe sehemu zilizo wazi, wakasema huo ndio udanganyifu wenyewe. Eti nakataa kompyuta ya rafiki yangu na kutumia yangu.

Hapana. Tofauti ni kubwa. Katika mrundiko, kila kipande cha undani kilitokana na mwanga uliogonga mdudu huyu ukapita kwenye lenzi hii. Kompyuta inachagua, haitungi. Na ukiniona mwongo, picha za awali ninazo zote, fungua namba 11 uangalie doa mwenyewe. Programu ya kubuni haina namba 11.

Lakini mrundiko mbaya pia hudanganya, kwa hiyo tufanye hesabu. Milimita 0.45 ya f/5.6 ni kipimo cha ukarimu, kwa sababu c ya 0.02 ni kama pikseli tano. Ukitaka uwazi unaokaribia pikseli, hatua iwe chini ya nusu ya hapo: mimi husogea milimita 0.2. Kiwavi pamoja na miguu na kipande cha jani ni kina cha milimita 3. Hatua 15, picha 16. Ukiruka hatua unapata mistari ya ukungu katikati ya mwili, na hakuna programu itakayoirudisha.

Kamera nyingi mpya zinasogeza fokasi zenyewe. Nikon D850 ya 2017 inaweza, Canon EOS RP ya 2019 inaweza. Ila menyu inakuuliza uchague hatua kati ya 1 na 10. Kumi ya nini? Si milimita. Jaribu kwanza kwenye rula iliyolazwa mshazari, ndipo uiamini. Mimi natumia reli niliyotengenezewa na fundi wa jua kali Kamukunji kwa bolti ya M6. Bolti hiyo husogea milimita 1 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo moja ya tano ya mzunguko ndiyo hatua yangu. Bei yake nikikwambia utacheka.

Weka kila kitu kwa mkono: mwanga, kasi ya shata, ISO, rangi. Kama unatumia taa za stima, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Piga kwa 1/50 au polepole zaidi, si 1/500, la sivyo picha moja itakuwa nyeusi na ya pili nyeupe. Na mdudu atulie kabisa. Wa kwangu alikuwa ameshalala kwenye spiriti.

Kisha kazi ya kompyuta. Helicon Focus na Zerene Stacker ni nzuri, ila za kulipia. Programu huria zinatosha. Usiiruke amri ya kwanza, maana ukisogeza reli au ukizungusha lenzi, ukubwa wa mdudu kwenye picha hubadilika, na lazima zilinganishwe:

align_image_stack -m -a sawa_ DSC*.tif

enfuse --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask -o kiwavi.tif sawa_*.tif

Ile hard-mask ndiyo inayoiambia Enfuse ichague picha moja kwa kila sehemu badala ya kuzichanganya zote kama uji. Andaa nafasi kwenye diski pia: TIFF moja ya biti 16 ni karibu MB 144, zidisha kwa 16.

Nakiri mapungufu. Nywele zikipishana, moja mbele na nyingine nyuma, programu huchanganyikiwa na kuacha mwanga wa ajabu pembeni. Njia za kuchagua kwa tabaka, zile za piramidi, huhifadhi nywele lakini huongeza chembechembe. Njia za ramani ya kina husafisha rangi lakini hukosea kwenye ncha. Dawa ni kurudi kwenye picha ya awali na kupaka sehemu hiyo kutoka huko. Na mdudu akisogeza mguu katikati ya kazi, utapata miguu miwili. Picha hiyo itupe. Usiifute mguu ukajisifu.

Kwa hiyo sidai kwamba mrundiko ni mtakatifu. Nadai kwamba makosa yake yanaweza kukaguliwa, na makosa ya wale wengine hayawezi. Kwangu hilo linatosha. Tunaoandika programu hatukubali msimbo usioweza kupimwa. Mbona tukubali picha?

Nilipomaliza mrundiko wangu nilihesabu madoa manne, mraba kamili. Mjomba akahesabu kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta, moja, mbili, tatu, nne, halafu akainuka bila kumaliza chai akaelekea shambani.

Picha zote 16 ninazo. Anayebisha alete zake, tuziweke mezani tuhesabu.