Si kila ugonjwa hutibiwa kwa tembe

Mtaani kwetu hapa Eastlands yupo bibi mmoja ambaye wajukuu wake humwita Kukhu, nami nitamwita vivyo hivyo. Aliletwa Nairobi na mwanawe kutoka Vihiga baada ya mzee wake kuaga dunia. Mwana huyo ni mtu mwema. Alimpa mamake chumba, godoro zuri na televisheni. Lakini kila alfajiri yeye na mkewe hupanda matatu kwenda kazini, watoto nao huenda shuleni, na Kukhu hubaki orofa ya nne akisikiliza milango ya majirani ikifungwa.

Haukupita muda kabla ya Kukhu kuanza kuugua. Kifua kilimbana, kichwa kikamgonga, usingizi ukamtoroka. Akapelekwa kliniki, akapimwa shinikizo la damu, akapimwa sukari, akapimwa malaria. Hakuna kilichopatikana. "Shosho, unakula vizuri?" muuguzi akamuuliza. Akaitikia. Akapewa tembe za kutuliza maumivu, akarudi orofa ya nne. Mwezi uliofuata alikuwa kwenye foleni ileile, na uliofuata pia. Msomaji, usiniambie kwamba humjui mtu wa aina hii.

Simlaumu muuguzi. Mtu aliye na foleni ya wagonjwa hadi langoni atapata wapi nafasi ya kuulizia shamba la mboga lililoachwa kijijini, au mume aliyezikwa kando yake?

Nimemtaja Kukhu kwa sababu juma hili nimekuwa nikisoma habari za kazi moja ambayo Waingereza wameiingiza katika kliniki za madaktari wao wa familia. Huko daktari humwona mgonjwa kwa dakika kama kumi hivi. Madaktari hao waling'amua zamani kwamba wengi wanaobisha mlango wao hawana ugonjwa wa kuonekana kwa darubini. Mmoja amezama katika madeni, mwingine nyumba yake inavuja, na mwingine hajazungumza na binadamu tangu Jumapili iliyopita. Mtu wa namna hii daktari humpeleka kwa mfanyakazi mwingine wa papo hapo kliniki, ambaye si daktari wala muuguzi, na ambaye kazi yake ni kumuunganisha na msaada ulioko mtaani.

Nimetafuta jina la Kiswahili la kazi hiyo, na sikupata linaloikaribia kuliko mshenga. Mshenga huzijua nyumba zote mbili. Hamwambii bwana harusi, "Kwa kina binti ni kule, nenda ujaribu bahati yako." Huenda yeye mwenyewe, hurudi na majibu, na mambo yakikwama hurudi tena.

Ndivyo wafanyavyo hawa. Mkutano wa kwanza huweza kuchukua hata saa nzima. Mshenga haulizi "una tatizo gani?" bali huuliza ni jambo lipi lenye maana kwako maishani. Mzee aliyekuwa seremala hupelekwa kwenye karakana ambako wanaume wastaafu hutengeneza viti na kupiga gumzo, mtindo ulioanzia Australia. Mjane huingizwa katika kwaya au kundi la kulima bustani. Mwenye deni hukutanishwa na mshauri wa madeni. Na mwenye haya, ambaye ukimpa karatasi ya anwani ataitia mfukoni na kuisahau, mshenga huweza kuandamana naye siku ya kwanza hadi mlangoni. Kwangu mimi hapo ndipo penye kazi yenyewe. Karatasi ya anwani hata bawabu angeweza kuitoa.

Jambo hili halikuanzia ofisini mwa waziri. Mwaka 1984 mchungaji mmoja, Andrew Mawson, alipelekwa Bromley-by-Bow, mtaa wa kimaskini mashariki mwa London wenye wahamiaji wengi kutoka Bangladesh. Alikuta kanisa kuukuu na waumini wachache wazee. Akayafungua majengo kwa wenye mahitaji: huku chekechea, kule wasanii, kwingine mkahawa. Baadaye mama mmoja wa mtaa huo alifariki kwa saratani huku ofisi zilizopaswa kumtunza zikishindwa kushirikiana, na majirani wakaazimia kuwa na kliniki yao wenyewe. Ilifunguliwa mwaka 1997, palipo na bustani na mkahawa. Daktari Sam Everington, mmoja wa madaktari wa hapo, amekuwa mtetezi mkubwa wa fikira kwamba daktari anaweza kumwandikia mgonjwa bustani kama anavyomwandikia dawa.

Tazama vizuri mpangilio wa mambo hapo. Bustani na mkahawa vilitangulia, daktari akafuata. Nitalirudia jambo hilo.

Hata kabla ya Bromley, kusini mwa London katika mtaa wa Peckham, madaktari wawili, George Scott Williamson na Innes Pearse, walianza majaribio mwaka 1926, na mwaka 1935 wakafungua jengo lenye bwawa la kuogelea, ukumbi wa mazoezi na mkahawa. Familia nzima ililipa shilingi moja kwa juma, ikapimwa afya na kuachwa icheze. Kituo kilifungwa mwaka 1950, miaka miwili baada ya serikali kuanzisha matibabu ya bure kwa wote. Hakikufaa katika mpango mpya uliotaka wagonjwa, si watu wazima wa afya wanaoogelea.

Serikali ya Uingereza ilichelewa kuzinduka. Januari 2018 iliteua waziri wa kushughulikia upweke, jambo lililowachekesha wengi huku kwetu. Mwaka mmoja baadaye ikatangaza kwamba itaajiri washenga zaidi ya 1,000 katika kliniki za England. Kliniki zilijiunga katika makundi, kila kundi likihudumia watu wapatao 30,000 hadi 50,000, na mishahara ya washenga ikalipwa kutoka hazina ya afya. Maradhi ya korona yalipoingia mwaka 2020 na wazee wakaamriwa kujifungia, washenga hao ndio waliokuwa wakiwapigia simu na kuulizia chakula na dawa.

Wenye kucheka neno upweke na wasikie hili. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waligundua kwamba wale wenye uhusiano mwema na watu wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai utafiti ulipomalizika kuliko wale walio peke yao. Kukhu na kifua chake hakuwa akiigiza.

Hata hivyo, sitaki kuwapamba Waingereza. Kwanza, ushahidi kwamba washenga huponya haujawa imara. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalipata tathmini 15 tu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo na dhaifu. Pili, mwongozo wa serikali uliruhusu mshenga mmoja kubeba watu hadi 250 kwa mwaka. Hebu piga hesabu: mtu wa aina hiyo ataandamana na nani hadi mlangoni?

La tatu ndilo kubwa. Tangu mwaka 2010 serikali hiyohiyo ilizikata fedha halmashauri za miji, maktaba nyingi zikafungwa na vilabu vya vijana vikafa. Mshenga akaajiriwa kumpeleka mtu mahali ambapo pengine pamekwisha kutiwa kufuli. Ni sawa na kutuma posa katika nyumba isiyo na binti. Bromley ilifaulu kwa sababu mgonjwa alikuwa na mahali pa kwenda kabla hajatumwa.

Na sisi je? Kwetu mambo yamegeuka. Mahali pa kwenda pako tele. Mtaa mmoja tu wa Nairobi una chama cha akina mama, kundi la mazishi, kwaya tatu, msikiti wenye darasa na vijana wanaopanda sukumawiki katika magunia. Kinachokosekana ni mtu pale kliniki anayevijua vitu hivyo na mwenye nusu saa ya kumsikiliza Kukhu.

Mwenye sura ya kumkaribia mtu huyo tunaye. Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akipangiwa nyumba kama 100. Walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo na sukari, simu ya kuandikia takwimu na ahadi ya marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hawa huingia nyumbani na huzijua ngazi za orofa ya nne. Lakini simu ile huwadai tarakimu: waliopimwa wangapi, wajawazito wangapi. Sijasikia ikiuliza, "Mama huyu alizungumza na nani leo?" Wala sijui ni wangapi wameelezwa kwamba kumsaidia mzee wa miaka 70 kujiandikisha kwa zile shilingi 2,000 za Inua Jamii huenda kukamshusha shinikizo kuliko tembe. Kwa marupurupu ya shilingi 5,000 naona haya hata kuwaongezea kazi. Lakini kama wizara inatafuta mahali pa kuanzia, ni hapo. Iwape saa moja kwa juma bila kipimo mkononi, na iwalipe.

Kukhu yeye hakungoja wizara. Asubuhi moja lifti isiyokuwapo haikumzuia. Alishuka ngazi taratibu kununua mrenda langoni, akamkuta mama mboga akiuchambua kwa namna isiyompendeza, akamkosoa kwa lugha yao ya nyumbani. Mama mboga akacheka, akamvutia kigoda. Sasa kila asubuhi Kukhu huketi pale akichambua mrenda na kunde na kuwakosoa wanunuzi. Siku za Alhamisi mama mboga humchukua hadi kwenye mkutano wa akina mama wa kwao, ambako amekabidhiwa kutunza daftari la rambirambi ingawa miwani yake ni ya zamani.

Magoti bado humuuma, maana orofa ya nne ni orofa ya nne. Lakini mwezi uliopita hakuonekana kliniki. Naambiwa muuguzi alimuulizia, akitaka kujua kama shosho yule bado yuko hai.