Basi limeondoka, fulana zimebaki

Mitihani imebana lakini hili nisipolitoa silali.

Jumamosi nilijitolea kuwatembeza wanafunzi Weusi wa sekondari, basi zima, wa miaka 16 na 17, wote wa hapahapa North Carolina. Ati ziara ya uongozi wa kiraia na kutembelea vyuo. Jina zito! Tukaenda Greensboro. Sanamu ya wale vijana wanne pale chuo cha North Carolina A&T, picha. Kaunta ya Woolworth, siku hizi makumbusho, picha. Msosi, fulana, hotuba ya kufuata ndoto, kwaherini.

Hivi uongozi ndio huo?

Wale wanne walikuwa mwaka wa kwanza tu. Tarehe 1 Februari 1960 walikaa kwenye kaunta ya Wazungu, wakaagiza kahawa, wakanyimwa, wakagoma kuondoka. Kesho yake wakarudi na wenzao, na wiki haijaisha walikuwa mamia. Weusi walianza kuhudumiwa pale Julai. Yaani miezi karibu sita ya kupangiana zamu, kususia maduka na kubishana na wakubwa wa mji! Watoto wetu tumewaonyesha sanamu, kazi yenyewe tumeiruka.

Tena mambo hayakuishia 1960. Mwaka 2016 ramani ya majimbo ya Congress iliikata kampasi hiyohiyo ya A&T vipande viwili, kura za wanafunzi zikagawanywa. Ramani ikaja kubadilishwa 2019 baada ya kesi. Tumepita palepale kwa miguu na hakuna aliyewaambia.

Jimbo hili pia linamruhusu kijana wa miaka 16 kujiandikisha mapema kwa ajili ya kura. Haki hiyo ilifutwa 2013, mahakama ikairudisha 2016. Watu wameipigania, halafu basi zima halina fomu hata moja!

Kinachoniuma zaidi ni kijana mmoja aliyenivuta pembeni: "Bro, hii ada analipa nani?" Nikamjibu aangalie tovuti. Aibu yangu hiyo, siwasingizii waandaaji peke yao. Nilitakiwa nikae naye, nimwonyeshe FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, nimweleze ruzuku ni ipi na mkopo ni upi, na kwamba bei iliyotangazwa si lazima iwe ndiyo atakayolipa.

Najua mtasema angalau wamefika. Kweli, kama kwenu hakuna aliyesoma chuo, kumwona tu mtu wa rangi yako akitoka maabara ni jambo kubwa. Safari siipingi. Ila mtoto ukimpa hamu bila kumwonyesha njia, kesho akikwama ataamini mjinga ni yeye.

Basi hela za fulana zifanye kazi nyingine. Saa mbili za FAFSA, mzazi akiwa kwenye simu. Saa moja ya fomu za kura. Na ziara ipangwe siku ya kikao cha baraza la jiji, wakasikie bajeti inavyogombaniwa.

Safari ijayo kamera naiacha chumbani, nakuja na kompyuta. Yule kijana nikimwona tena nina deni naye.

Nawasilisha.