MTO HAUJUI MPAKA WA WILAYA

Wakaao Kilosa mjini hawana haja ya kuelezwa nguvu za Mto Mkondoa. Desemba 2009 na Januari 2010 mto huo ulivunja tuta lake, ukaingia majumbani, ukawahamisha maelfu ya watu na kuing'oa Reli ya Kati hata safari za treni zikakatika. Wafanyakazi walioitengeneza njia ile kwa jasho lao wajua kwamba reli haikuwa na kosa.

Twauliza: maji yale yalitoka wapi? Hayakuanzia Kilosa. Mkondoa huanza kwa jina la Kinyasungwe huko upande wa Dodoma, hupita Mpwapwa, kisha hupenya kati ya milima ya Rubeho na Ukaguru ndipo ushukie Kilosa. Miteremko ya juu ikilimwa ovyo na kukatwa miti, udongo wake huja kujaza mkondo huku chini. Na mto uliojaa mchanga hauna budi kujitafutia njia mashambani. Lakini Mpwapwa imo katika mkoa mwingine, na fedha za halmashauri ya Kilosa hazivuki mpaka. Basi twajenga tuta pale maji yafikapo, na pale yatokapo twapaacha.

Hali ni hiyo hiyo Mikumi. Askari wa Hifadhi ya Taifa, iliyotangazwa mwaka 1964, aweza kumrudisha ng'ombe mpakani. Tope hawezi kulirudisha. Mto Mkata upitao humo huenda kuungana na maji ya Wami. Kumbe pande za Kidodi, wilaya ile ile ya Kilosa, maji huteremkia Ruaha Mkuu hata Rufiji! Wilaya moja, mabonde mawili, na bodi mbili za maji, moja Morogoro na nyingine Iringa. Ongeza idara za misitu, hifadhi, mifugo na reli: mwanakijiji aonaye maji yamebadilika rangi abishe hodi wapi?

Sheria haikukosekana. Ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yalinda mita 60 za kingo, na yaruhusu kamati za vidakio, yaani za eneo lote limwagalo maji katika mto mmoja. Hata hivyo hatukubaliani na wanaomtwika lawama mkulima wa bustani ya bondeni au mfugaji peke yake. Anayeambiwa aache kingo aonyeshwe kwanza pa kulima na pa kunywesha. Watu 38 waliouawa Rudewa Mbuyuni Desemba 2000 walikufa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na hatutaki kuhesabu tena.

Twataka wakuu wa wilaya za Kilosa na Mpwapwa, bodi zote mbili, hifadhi na reli waketi pamoja kabla ya mvua, wakiwamo wenyeviti wa vijiji, kila mmoja aseme atatoa fedha kiasi gani. Na kikao cha kwanza kisifanyike Morogoro mjini. Kifanyike Mpwapwa, wajumbe wakauone udongo unapong'oka.