Deni, Daftari na Mama: Ubora na Upungufu wa Filamu ya Mother India Ikitazamwa kutoka Kigoma na Ujiji

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umeshughulikia kwa kina riwaya, tamthilia na ushairi. Haujaishughulikia vya kutosha sanaa ambayo kwa zaidi ya nusu karne imewaliza na kuwachekesha wasemaji wa Kiswahili wa mijini na vijijini, yaani filamu ya Kihindi. Pale inapotajwa, aghalabu hutajwa kwa kejeli: kwamba ni ndefu mno, kwamba wahusika wake hawana undani, kwamba kila jambo zito hukatizwa na wimbo, na kwamba machozi yake ni ya bei rahisi. Hukumu hiyo ina chembe za ukweli, lakini imetolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Makala haya yanaichukua filamu moja tu, Mother India, iliyoongozwa na Mehboob Khan na kutolewa mwaka 1957, na kuipima kutoka mahali maalumu, yaani Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hoja inayotetewa ni kwamba ubora mkubwa wa filamu hii umo palepale ambapo wahakiki huona udhaifu, na kwamba upungufu wake mkubwa umo palepale ambapo watazamaji huisifu zaidi.

2.0 Filamu na Mahali

Mother India ni masimulizi mapya ya filamu ya awali ya Mehboob Khan mwenyewe, Aurat, ya mwaka 1940. Jina lake ni jibu kwa kitabu cha Mmarekani Katherine Mayo cha mwaka 1927, kilichowadhalilisha Wahindi mbele ya dunia. Mwaka 1958 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kigeni.

Kisa chake ni chepesi kukieleza. Radha (Nargis) anaolewa na Shamu (Raaj Kumar). Ili kugharimia harusi, mama mkwe amekopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji. Mama huyo hajui kusoma. Masharti yaliyoandikwa si yale anayodai kukubaliana nayo. Wazee wa kijiji wanaamua kwa kufuata maandishi, na familia inalazimika kutoa robo tatu ya mavuno kuwa riba. Shamu anapondwa mikono na jiwe, na kwa aibu anaiacha familia yake. Mafuriko yanaharibu mazao na watoto wanakufa. Sukhilala anataka kuugeuza mwili wa Radha kuwa malipo ya chakula, naye anakataa. Wanabaki wana wawili: Ramu (Rajendra Kumar) aliye mtulivu, na Birju (Sunil Dutt) mwenye hasira, ambaye hatimaye anakuwa jambazi, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake. Radha anampiga risasi Birju, mwanawe wa kumzaa. Simulizi yote ni kumbukumbu ya bibi kizee aliyeombwa kufungua mfereji mpya wa kumwagilia mashamba.

Mahali panapotumika kuipima filamu hii hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19, na Kiswahili kilitia mizizi huko mapema, miongoni mwa Waha, Wamanyema waliovuka ziwa na watu wa pwani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Ni kwa reli hiyohiyo ya kutoka Dar es Salaam kwamba makopo ya filamu yalikuwa yakisafirishwa kwenda miji ya bara. Baadaye ikaja kanda ya video, na pamoja nayo mabanda ya video, ambamo wasimulizi huifasiri filamu kwa Kiswahili wakati inapoonyeshwa. Hivyo mtazamaji wa mwambao huu hayuko pembezoni mwa dunia kama inavyodhaniwa. Yuko kwenye njia panda.

3.0 Ubora

3.1 Daftari kama Mhusika

Ubora wa kwanza wa Mother India ni namna inavyolifanya deni lionekane. Deni ni dhana, halina sura. Filamu inalipa sura kwa kutumia daftari la Sukhilala. Daftari hilo linahukumu, linarithisha na linakula. Birju anajaribu kujifunza kusoma ili alielewe, anashindwa, na hasira yake inaanzia hapo. Anapomuua Sukhilala anayachoma madaftari pia, kwa kuwa anajua kuwa adui yake ni wawili: mtu na maandishi yake.

Wahakiki husema Sukhilala ni mhusika bapa. Ni kweli kwamba hana hata chembe ya wema. Lakini ubapa huo una kazi. Katika melodrama, kama ilivyo katika ngano zetu za zimwi na fisi, uovu hukusanywa katika umbo moja ili hadhira iweze kuutazama usoni. Mtu aliyetozwa riba kwa miaka 20 hahitaji kuelezwa matatizo ya nafsi ya mtozaji; anahitaji kuoneshwa utaratibu unaomla. Amandina Lihamba, katika Hawala ya Fedha (1980), iliyotokana na kazi ya Sembene Ousmane, anaonesha utaratibu wa aina hiyo: mtu asiye na karatasi sahihi mbele ya dunia inayoamini karatasi. Nchi iliyotangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima ilijua vizuri kwamba kutojua kusoma ni tundu ambamo mali ya maskini huvuja. Mvuvi wa dagaa anayepewa taa na mafuta kwa mkopo, akalipa kwa samaki ambao bado wamo ziwani, halioni daftari la Sukhilala kuwa jambo la Bara Hindi.

3.2 Mhindi Mwenye Jembe

Ubora wa pili haujatiliwa maanani vya kutosha. Katika miji ya Tanganyika, ikiwa ni pamoja na Kigoma na Ujiji, Mwafrika wa kawaida alimjua Mhindi kwa nafasi moja: nyuma ya kaunta ya duka. Huyo ndiye aliyekuwa na mizani, na huyo ndiye aliyekuwa na daftari. Mother India inamtoa Mhindi nyuma ya kaunta na kumtumbukiza matopeni. Inamwonesha akivuta plau kwa mabega yake, akifukua mizizi ili wanawe wale, akidaiwa na akidhulumiwa. Mtazamaji anagundua kwamba mstari unaotenganisha mdai na mdaiwa haufuati rangi ya ngozi. Ugunduzi huu una thamani ya kisiasa ambayo hotuba nyingi hazikuifikia, na umefikiwa kwa picha.

3.3 Mume Aliyeondoka

Tatu, filamu inaeleza kwa usahihi mkubwa hali ya nyumba iliyoachwa na mume. Wakati wa ukoloni, Buha ilikuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Wanaume walikwenda kuwa manamba, hususan Tanga. Baadhi walirudi, wengine hawakurudi. Historia ya manamba imeandikwa zaidi kwa jicho la aliyeondoka. Mother India inaiandika historia ya namna hiyo kwa jicho la aliyebaki. Radha anaendelea kupaka alama nyekundu ya mke aliyeolewa kwa mume asiyejulikana yuko wapi. Hajui kama ni mke au mjane. Ni vigumu kupata taswira bora zaidi ya utata huo.

3.4 Nyimbo

Kuhusu nyimbo, zilizotungiwa muziki na Naushad, lawama kwamba zinakatiza kisa inatokana na kipimo cha tamthilia ya Ulaya ya karne ya 19. Katika utambaji wa ngano za Kiafrika wimbo ni sehemu ya kisa: ndipo hadhira inapoingia, ndipo muda unapopita, ndipo linalotendeka linapogeuka kuwa linalohisiwa. Nyimbo za Mother India zina kazi hizohizo: zinavusha misimu, zinawakuza watoto, zinawazuia wanakijiji wasihame. Si ajabu kwamba waimbaji wa taarabu wa pwani, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mmoja wao, walizichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Sikio la Kiswahili lilikuwa limekwisha kuzikubali kabla mhakiki hajazikataa.

4.0 Upungufu

Pamoja na ubora huo, filamu ina upungufu ambao hauwezi kufunikwa na machozi.

Upungufu wa kwanza unahusu mama. Kilele cha filamu, yaani Radha kumuua Birju, husifiwa kama ushindi wa haki juu ya damu. Hapana budi kuuliza: ni haki ya nani? Heshima ya kijiji inayookolewa imewekwa katika mwili wa binti wa Sukhilala, kama ambavyo hapo awali ilikuwa imewekwa katika mwili wa Radha. Hakuna mwanamume anayetakiwa kulipia heshima hiyo. Wazee walioamua kesi ya deni kwa kufuata maandishi ya uongo hawaulizwi lolote. Sheria ilikuwa imelala wakati mnyonge akiibiwa. Inaamka pale mnyonge anapolipiza kisasi, na inamtuma mama yake kutekeleza hukumu.

Penina Muhando aliliona tatizo hili kwa ukali zaidi. Katika Nguzo Mama (1982), wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na hadhira inalazimika kujiuliza ni nini kinachoifanya isisimame. Mother India inaikuta nguzo imesimama, inaipigia makofi, wala haiulizi nani aliyeupakia juu yake uzito wote wa nyumba. Kumwita mwanamke nguzo ni njia mojawapo ya kumkataza asichoke.

Upungufu wa pili unahusu dola. Kampuni ya Mehboob Khan ilitumia nembo ya nyundo na mundu, lakini filamu yake inamalizia mahali pasipo na mapinduzi. Deni halifutwi wala ardhi haigawanywi upya, unafunguliwa mfereji. Maji yanatoka yakiwa na wekundu wa damu, kisha yanakuwa maji safi, nasi tunatakiwa kuamini kwamba maendeleo yameisafisha historia. Mtazamaji wa mkoa wa Kigoma ana sababu ya kusita. Katika miaka ya 1970 wakulima wengi wa mkoa huo, kama wenzao kwingineko nchini, walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengine bila hiari yao. Ahadi zilikuwa shule, zahanati na maji. Baadhi ya ahadi zilitimizwa. Lakini makaburi na miti ya matunda vilibaki nyuma. Kezilahabi, katika Gamba la Nyoka (1979), aliuingia mvutano huo bila kuupaka asali. Mother India inausimulia upande wa mfereji peke yake. Radha aliyewasihi wanakijiji wasiiache ardhi yao haoneshwi akikutana na ofisa anayewaamuru waiache.

Upungufu wa tatu ni wa kifani, nao umetokana na wa pili. Kwa kuwa filamu haitaki kuugusa mfumo, inalazimika kuwatumia mbingu na bahati: jiwe, tufani, gharika. Majanga hayo yanafuatana kwa kasi kiasi kwamba mtazamaji anaweza kusahau kuwa njaa ilikwisha kuingia nyumbani kabla ya mafuriko, kupitia mlango wa robo tatu.

5.0 Hitimisho

Mother India ni kazi kubwa yenye ufa katikati. Inaeleza vizuri kuliko kazi nyingi jinsi maskini anavyofilisiwa, kisha inamwadhibu yule aliyeelewa kuwa anafilisiwa. Kuipenda bila kuuona ufa huo ni kulia bila kufikiri. Kuikataa kwa sababu ya nyimbo na machozi yake ni kufikiri bila kusikia.

Kwa idara za Kiswahili kuna wajibu unaofuata. Maneno ya wasimulizi wa mabanda ya video, kazi iliyompa umaarufu nchini Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ni uhakiki na ni fasihi simulizi. Msimulizi huongeza methali, humkemea Sukhilala, humtetea Birju, na pengine humpa Radha maneno ambayo mwandishi hakumpa. Kanda zinaoza na mabanda yanafungwa. Mtafiti atakayekwenda Ujiji kuyarekodi maneno hayo, na kuwauliza kinamama waliozitazama filamu hizo kama Birju alistahili kufa na mkono wa nani ulistahili kumuua, huenda akarudi na majibu ambayo nadharia ya uhakiki haijayaandaa.