Sanaa ya Mazingira Isiyosema ni Pambo Tu

Imekuwa desturi, kila yanapozungumzwa mazingira katika shule zetu, kuwataka wanafunzi waokote chupa za plastiki, wazifunge kwa waya, wasimamishe sanamu ya samaki au ya korongo, kisha mgeni wa heshima apigwe picha mbele yake. Kazi hiyo huitwa sanaa ya mazingira. Sisi hatuipingi. Tunachopinga ni imani kwamba sanamu ikishasimama, fahamu za watu nazo zimekwisha kuamka.

Tuutazame mji wa Jinja. Jina lake latokana na neno la wenyeji lenye maana ya jiwe. Mawe hayo ndiyo yaliyokuwa yakiyakata maji ya Ziwa Viktoria yanapotoka kuwa Mto Naili, mahali alipofika Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1862 akapaita Ripon. Bwawa la Owen lilipofunguliwa mwaka 1954, maporomoko hayo yalikuwa yamezama. Yakafuata ya Bujagali, ambayo Wasoga waliyaheshimu kuwa makao ya roho Budhagali: yalifunikwa na maji mwaka 2011, na mwaka uliofuata kituo cha umeme cha megawati 250 kikafunguliwa.

Hatusemi kuwa umeme hauna faida. Twasema kwamba kilichotolewa ili kuupata kina haki ya kukumbukwa. Penye chanzo cha mto pana mnara wa Speke katika ukingo wa magharibi, na pana sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948. Aliyeyaona maporomoko ana mnara; je, mnara wa maporomoko yenyewe uko wapi? Mtoto anayezaliwa Jinja leo atajuaje kwamba chini ya maji yale yaliyotulia kuna mawe yaliyoupa mji wake jina? Hiyo ndiyo kazi inayoingojea sanaa ya mazingira, na chupa za kuokota peke yake haziiwezi.

Tutoe mfano wa pili. Mpe mwanafunzi rangi, umpeleke ufukweni, naye atachora ua zuri la zambarau linaloelea majini. Picha itapendeza, itatundikwa ukutani, nayo itadanganya. Ua hilo ni la mmea uliotoka Amerika ya Kusini, ambao katika miaka ya 1990 ulifunga bandari za wavuvi na kuisumbua mitambo ya umeme ya Owen. Kiingereza huuita kwa jina la ua la bustanini. Kiswahili huuita gugumaji, na katika jina hilo hukumu imekwisha kutolewa: ni gugu. Mwanafunzi aliyefundishwa neno hilo na maana yake hawezi tena kuchora ua bila kuchora na mtumbwi uliokwama. Basi nani atasema kwamba lugha haihusiki?

Wapo wenzetu watakaosema kuwa kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni sarufi na ufahamu, kwamba sanamu ni za mwalimu wa sanaa na mto ni wa mwalimu wa jiografia. Hoja hii ni dhaifu. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walishusha majini jahazi Flipflopi, lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000. Jahazi hilo halikuwekwa katika jumba la maonyesho. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Unguja, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Viktoria, na kila lilipotia nanga watu walikusanyika, wakauliza, wakajibiwa. Chombo kiliwaita watu, lakini mazungumzo ndiyo yaliyowafunza.

Wengine watasema kuwa watoto wa Jinja husema Kisoga, na wa Mbale Kigisu, kwa hiyo Kiswahili kinawaingilia. Hatutaki kimfukuze yeyote. Mzee aulizwe habari za maporomoko kwa Kisoga, na majibu yake yaandikwe kwa Kisoga na kwa Kiswahili. Lakini ziwa ni moja, na mvuvi wa Jinja, wa Kisumu na wa Mwanza wanalichafua na kulitegemea pamoja. Hawana budi kuonyana kwa lugha wanayoelewana. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kikiingia madarasani kwa ajili ya mtihani tu, kitakuwa mzigo. Kikiingia na habari za mto na mlima, kitakuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo twapendekeza haya. Pasisimamishwe sanamu yoyote ya taka shuleni bila wanafunzi kuandika chini yake taka hizo zimetoka wapi, na nani aliyeziuza. Na muuza chupa akijitolea kuigharimia, swali hilo lisifutwe. Shule za Jinja ziandike tamthilia na mashairi juu ya Ripon na Bujagali wakati wangalipo wazee waliosikia ngurumo ya maji ya Bujagali. Shule za Mbale zifanye vivyo hivyo juu ya miteremko ya Mlima Elgon, iliyoporomoka Bududa mwezi Machi 2010 na kuua watu wengi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Jinja ukuta umekwisha kujengwa, tena mara mbili, na mawe yako chini ya maji. Lililobaki juu ni jina, na kulieleza jina ni kazi yetu walimu wa lugha.