Si Kila Penye Miti Pana Msitu

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Lau wangefufuka leo na kuzipitia nyanda za juu za Kenya, kuanzia Mau hadi Nyandarua na miteremko ya Mlima Kenya, yamkini wangeikamilisha methali hiyo kwa kipande kingine: penye miti, pengine hapana msitu. Katika nyanda hizo kuna sura mbili za miti zinazopakana. Ya kwanza ni ya misaipresi na misonobari iliyopandwa kwa safu zilizonyooka mithili ya askari wa gwaride. Ya pili ni ya mitarakwa na mipodo iliyojiotea, mizee kwa michanga, ikichanganyika na mizeituni mwitu, mianzi na vichaka. Magazeti, redio na ripoti za Kiswahili huziita sura zote mbili kwa jina moja tu: msitu. Makala haya yanashikilia kuwa jina hilo moja linaficha hasara kubwa inayowapata wanyamapori, na kwamba usimamizi wa misitu hauwezi kurekebishwa iwapo lugha inayoutetea haitofautishi makazi ya viumbe na ghala la mbao.

Asili ya hali hii si ngeni. Idara ya Misitu iliundwa mwaka 1902, wakati ambapo garimoshi la reli ya Uganda liliendeshwa kwa kuni. Mtarakwa ulithaminiwa kwa nguzo za ua na kwa penseli zilizotengenezwa ng'ambo, lakini ulikua polepole mno kwa haja za wakoloni. Ikaletwa misaipresi na misonobari ya asili ya Meksiko, iwezayo kukatwa kwa mbao baada ya takribani miaka thelathini. Kuanzia yapata mwaka 1910 ukatumika mfumo wa shamba: mkulima hupewa kipande cha ardhi ya msitu, hupanda viazi na mahindi huku akitunza miche ya Serikali, kisha huondoka miche ikikua. Mfumo huo umepigwa marufuku na kurejeshwa mara kadhaa, lakini wazo lake la msingi halijabadilika. Mti ni zao, na ardhi yake ni shamba.

Ni vyema kuchunguza jinsi usimamizi wa namna hii unavyoyaathiri makazi ya wanyama hatua kwa hatua. Mwanzoni, ardhi hulimwa na kupaliliwa, hivyo vichaka na miche ya asili hung'olewa kabla haijashika mizizi. Katika miaka ya kati, misaipresi hufumbana vilele na kuizuia jua. Chini yake husalia zulia la majani makavu yaozayo polepole, ambapo mimea michache tu huweza kuota. Mnyama mla majani hapati cha kula hapo, na ndege mla wadudu hupata haba. Mwishoni, miti yote ya rika moja hufyekwa kwa mkupuo, na kiumbe aliyekuwa amejizoeza kuishi humo hujikuta uwanjani. Isitoshe, mti wa shambani hauruhusiwi kuzeeka. Mti usiozeeka hauna pango shinani, hauna tawi lililooza, wala hauna gogo lililolala chini likiliwa na mchwa. Hondohondo hutaga ndani ya mapango ya miti mikubwa; kigong'ota hutoboa mti uliokufa au unaooza. Kwa ndege kama hawa, ekari elfu za misaipresi michanga ni sawa na mji uliojaa kuta zisizo na mlango.

Linganisha na mitarakwa na mipodo. Hoja hapa si kwamba miti ya kundi la misonobari na misaipresi ni mibaya kwa wanyama, maana mtarakwa na mpodo nayo ni ya kundi hilo hilo pana. Matunda ya mpodo huliwa na kasuku wa milimani na ndege wengine, na baadhi ya ndege huzisambaza mbegu zake. Mtarakwa mzee huota kuvumwani na ndevu za miti kwenye matawi yake, na Waogiek wa Mau wamechonga mizinga yao kwa mbao zake tangu kale. Chini ya miti hiyo mwanga hupenya, vichaka hustawi, na bongo, swala wa milimani ambaye inakadiriwa kuwa chini ya 100 tu wamesalia mwituni nchini Kenya, hupata majani na maficho. Ni dhahiri basi kwamba kinachotofautisha sura hizi mbili si ukoo wa mti pekee. Ni umri, ni mchanganyiko, na ni subira ya anayeusimamia.

Shamba la miti lina wageni wake, hilo halikanushiki. Ndovu na nyati hupita humo, na kima hupanda misaipresi na misonobari na kuibambua magome ili kula utomvu na tabaka tamu la ndani. Mti uliobambuliwa hudhoofika, mbao zake huharibika, na kima huhesabiwa miongoni mwa waharibifu. Lakini mshtaki anayemhukumu kima hana budi kueleza kwanza ni mlo gani uliobaki pale ambapo mitini, mizeituni mwitu na miti mingine ya matunda iliondolewa ili kupisha safu za aina moja. Aliyeondoa chungu mekoni hawezi kumlaumu mwana kwa kulamba sufuria.

Shamba la aina moja, aidha, halina kinga. Kuvu la majani liliishambulia misonobari ya aina ya radiata vibaya mno mwanzoni mwa miaka ya 1960, hata upandaji wake ukaachwa. Mwaka 1990 chawa wa saipresi aliingia Kenya, akakausha mashamba na nyua za misaipresi, na asiuache salama hata mtarakwa. Hivyo kosa la mpangilio wa shamba halikuishia shambani. Lilivuka mpaka na kuingia msituni.

Watetezi wa mashamba haya wana hoja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Nchi inahitaji mbao, karatasi na nguzo. Zisipotoka kwenye misaipresi zitatoka kwenye mitarakwa. Uchunguzi wa angani uliofanywa na KWS mwaka 1999 ulionyesha jinsi mikafuri na mitarakwa ya Mlima Kenya ilivyokuwa ikiibwa kwa kiwango cha kutisha. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya mashamba yaliyofyekwa chini ya mfumo wa shamba ilikuwa haijapandwa miti tena. Shamba halikuwa limeukinga msitu. Lilikuwa limekuwa lango la kuuingilia. Serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuliondoa katazo hilo, jambo lililofikishwa mahakamani. Mjadala mkali uliozuka ulijikita katika swali moja: ikatwe au isikatwe? Swali la ikatwe vipi, na ni nani anayeishi humo, lilisikika kwa mbali.

Hapa ndipo wanaisimu na wanafasihi wanapoingia. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka Dola ifikishe angalau asilimia kumi ya eneo la nchi iliyofunikwa na miti. Takwimu za kitaifa zilizotolewa baada ya tathmini ya mwaka 2021 ziliweka eneo lenye miti kuwa asilimia 12.13, na eneo la misitu kuwa asilimia 8.83. Mwaka 2022 ikazinduliwa kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hesabu ya miti inaweza kupanda kila mwaka huku hesabu ya hondohondo ikishuka, na anayesoma habari hizo kwa Kiswahili asijue, kwa kuwa miti, msitu na shamba la miti vimechanganywa katika chungu kimoja. Kiswahili hakina umaskini wa maneno. Kina msitu, mwitu, nyika, kichaka, koko na shamba. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatumia.

Suluhisho si kung'oa kila msaipresi. Mashamba yaliyopo yaweza kusimamiwa kwa njia isiyomfukuza mnyama: kuacha kingo za mito na mabonde kwa miti ya asili, kupunguza msongamano mapema ili mwanga ufike chini, kukata kwa vipande vidogo badala ya kufyeka mlima mzima, kubakiza miti mizee na magogo machache, na kuunganisha mabaki ya msitu wa asili kwa vichochoro vya kupitia wanyama. Zaidi ya yote, pasiwe na mtarakwa hata mmoja unaoondolewa ili kupisha mche wa kigeni. Kwamba jambo hili lawezekana linathibitishwa na Karura jijini Nairobi, msitu ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwishoni mwa miaka ya 1990. Humo mikaratusi na miti mingine ya kigeni imekuwa ikipishwa na ya asili, na mbega waliokuwa wamebanwa kati ya mashamba ya wakulima huko Kipipiri wakahamishiwa humo, nao wakastawi.

Wanafunzi wa Kiswahili hawana msumeno wala kitalu cha miche, ila wana kalamu. Ndio watakaotafsiri sheria za misitu, watakaohariri taarifa za habari na watakaowafunza watoto insha za mazingira. Wakiandika shamba la miti pale penye shamba, na msitu pale penye msitu, watakuwa wamemwondolea msimamizi pazia la kujifichia. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa misaipresi, hata uwe wa kijani kiasi gani, hauna pango la hondohondo kutaga.